Kuna ziwa chini ya barafu ya Mirihi, au rada inatuchezea?

#1 Mtoto_wa_Ndosho (Goma)
Yambo wakubwa. Jana tumebishana na shemeji mpaka fufu ikapoa. Yeye anasema ziwa lilishapatikana Mirihi, chini ya barafu ya ncha ya kusini, tangu 2018, na maneno yameisha. Mimi nilisoma kwamba hakuna ziwa lolote, ni udongo tu unaong'aa kwenye rada. Na tena, mahali penye baridi vile, maji yatakataaje kuganda? Tumewekeana dau la chupa mbili za bia ya Primus, kwa hiyo naomba majibu yenye mwaka na tarakimu. Ya "inasemekana" nimeshayasikia mezani.

#2 Mwalimu_Katindo (Goma)
Shemeji yako hakuota. Julai 2018 Waitaliano, Roberto Orosei na wenzake, walitangaza walichokiona kwa rada ya MARSIS. Rada hiyo imefungwa kwenye Mars Express, chombo cha shirika la anga la Ulaya kinachoizunguka Mirihi tangu Desemba 2003. Inatuma mawimbi ya redio kwenda chini. Sehemu yake inagonga uso wa barafu na kurudi, nyingine inapenya mpaka sakafu ya barafu ndipo irudi. Kwa kawaida mwangwi wa sakafu huwa hafifu. Sasa pale Planum Australe, uwanda wa ncha ya kusini, penye upana wa kilomita 20 hivi, mwangwi wa sakafu ulirudi na nguvu kupita ule wa juu, tena ukitokea kilomita 1.5 chini. Walipapima kati ya Mei 2012 na Desemba 2015, wakakusanya vipimo 29. Wakasema kinachorudisha mawimbi namna ile ni maji.

Kuhusu kuganda, hayo si maji ya kunywa. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta kwenye udongo wa Mirihi chumvi ziitwazo perkloreti. Maji yaliyojaa perkloreti ya kalisi au ya magnesi yanaweza kubaki bila kuganda mpaka karibu nyuzi -70. Na wenyewe walikadiria kwamba sakafu ile ina nyuzi -68 hivi. Yaani wamepita kwenye tundu la sindano.

#3 Chukudu_Turbo (Goma)
Nyuzi -68, chumvi ya sumu, na mfuniko wa kilomita moja na nusu. Mimi ninayepandisha bidoni za maji kutoka ziwani kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, tenda hiyo siitaki. Ila mwalimu, hapo uliposema kinachorudisha mawimbi namna ile ni maji: ni maji peke yake?

#4 FundiForaji (Lubumbashi)
Aksanti Chukudu, hiyo njo swali. Miye niko mu Lubumbashi, kazi yangu ni foraji, kuchimba visima. Mbele ya kuchimba tunapandaga vyuma mu udongo, tunapitisha umeme, mashini inapima kama chini kunaukataa ao kunaupitisha. Jiwe kavu linakataa. Penye maji unapita bila shida. Sasa udongo wa mfinyanzi nao unaupitisha! Kuna parsele (kiwanja) moja, kampuni yenye kupima (sitaitaja) ilituletea karatasi: kati ya metre 30 na 45 bluu tupu, wakasema hapa maji ya kumwaga. Tukashuka. Kilichotoka ni tope ya manjano yenye kunata, iliziba meno ya kichwa cha kuchimbia mpaka tukawa tunaikwangua na kisu. Tulipofika metre 45 shimo likabaki kavu. Mwenye parsele alilipia kila metre ya udongo ule. Basi mutu akiniambia mashini imeona maji, miye namuuliza kama ameyashika.

#5 Dada_Jiolojia (Bukavu)
Fundi amegonga penyewe. Rada na vyuma vya foraji si kifaa kimoja, ila vyote viwili vinategemea namna kitu kinavyoupokea umeme. Mwaka 2021 Isaac Smith wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, na wenzake walichukua udongo wa mfinyanzi wa aina ya smektaiti, wakaugandisha kwa nitrojeni ya majimaji mpaka nyuzi -43, wakaupima. Wakasema udongo ule, hata ukiwa umeganda kabisa, unatosha kuleta mwangwi mkali bila tone la maji. Na smektaiti imeonekana kutoka juu, pembezoni mwa barafu hiyohiyo ya kusini. Mwaka uleule Carver Bierson na wenzake wakaongeza kwamba hata madini yenye metali, au barafu iliyojaa chumvi, vinaweza kufanya kazi hiyo.

Lakini Mtoto wa Ndosho usikimbilie chupa. Upande wa Waitaliano ulijibu kwamba -43 si -68. Vipimo vyao vya maabara vya 2022 vinasema udongo huo ukizidi kupozwa unapungukiwa nguvu ya kurudisha mawimbi, na kwenye baridi ya Mirihi haufiki kiwango kilichoonekana.

#6 Mtoto_wa_Ndosho (Goma)
Sasa dau linaenda wapi?

#7 Chukudu_Turbo (Goma)
Lete huku nililinde mpaka wataalamu wapatane.

#8 Kadutu_Boy (Bukavu)
Samahani kuwaharibia mchezo. Barafu ya Mirihi si maji hata kidogo. Ni hewa ya ukaa iliyoganda, tulifundishwa hivyo sekondari. Uzi mzima mnatafuta ziwa chini ya mazuku, ile hewa ya ukaa inayoua mabondeni kwetu.

#9 Mwalimu_Katindo (Goma)
Kadutu, hiyo ni habari ya 1966. Mwaka huo Robert Leighton na Bruce Murray walipiga hesabu wakaona ncha za Mirihi zina baridi ya kutosha kugandisha hewa ya ukaa. Chombo cha Mariner 7 kikapita 1969, kikapima joto la ncha ya kusini, likakubaliana nao. Kisha miaka ya 1970 vikaja vyombo vya Viking. Vikakuta kwamba kaskazini, kiangazi kikifika, hewa ya ukaa inaondoka yote, na barafu inayobaki ina joto la juu mno kuwa kitu kingine zaidi ya maji yaliyoganda. Hiyo ya kaskazini ina upana wa kilomita 1,000 hivi.

Kusini kuna tabaka la hewa ya ukaa lisiloondoka, ni kweli, ila unene wake ni kama mita 8 tu. Chini yake ni barafu ya maji iliyochanganyika na vumbi, na panapozidi inafika kilomita 3.7. Mwaka 2007 Jeffrey Plaut na wenzake waliipima kwa MARSIS hiyohiyo. Wakasema yote ikiyeyuka na kutandazwa sawasawa, itafunika sayari nzima kwa kina cha mita 11.

Ulichokisikia sekondari kinahusu zaidi majira. Kila kipupwe cha kule karibu robo ya hewa ya Mirihi inaganda na kulala chini kwenye ncha, jua likirudi inapanda tena.

#10 Kadutu_Boy (Bukavu)
Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa mita 8.

#11 Mama_Sambaza (Goma)
Robo ya hewa nzima inalala chini! Na hapa kwetu mazuku ikituama kidogo tu kwenye kibonde upande wa Bulengo, asubuhi unakuta mbuzi amekufa akiwa amesimamisha kamba.

Mimi nina swali la mtu anayeishi kwa ziwa. Kivu ya chini ina chumvi na joto kuliko ya juu, ndiyo maana maji yale mazito hayapandi, na gesi imefungiwa humo. Hilo ziwa lenu la Mirihi, kama lipo, linabanwa vipi? Uzito wa barafu yote ile si utalipasua?

#12 Dada_Jiolojia (Bukavu)
Swali zuri mama, na hesabu yake ni nyepesi. Mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya wetu. Kilomita 1.5 za barafu kule zinaleta mgandamizo wa mara 50 au zaidi kidogo ya ule wa hewa yetu ya pwani. Kivu ina kina cha mita 485, na mgandamizo wa pale chini kabisa unakaribia hapohapo. Basi sakafu ile ya Mirihi inabanwa karibu sawa na sakafu ya ziwa lako. Maji hayapasuki kwa hilo. Shida yake ni baridi.

#13 Mama_Sambaza (Goma)
Nimeipenda hiyo. Nitawaambia wavuvi.

#14 Mtu_wa_Mutwanga
Mnaongea barafu kana kwamba ni ya Mirihi na Ulaya tu. Njooni huku Mutwanga muipandie kwa miguu. Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109, iko mpakani na Uganda na theluji ya kudumu ipo. Imepungua sana tangu 1906, mwaka Waitaliano walioongozwa na Duke wa Abruzzi walipofika kileleni. Wazee wanakuonyesha mwamba mtupu wakikuambia hapa palikuwa peupe. Na chini ya barafu ile maji yanapita, unayasikia.

#15 Chukudu_Turbo (Goma)
Waitaliano tena! Hawa watu na barafu wana nini?

#16 Lava_2002 (Goma)
Wote mmesahau kitu tunachokanyaga. Mwaka 2022 Cyril Grima wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake walichukua ramani ya rada ya Mirihi nzima, wakapiga hesabu kana kwamba sayari yote imefunikwa na barafu ya kilomita 1.4. Wakataka kujua ni ardhi gani ingeng'aa kupitia barafu hiyo. Madoa makali yakatokea sehemu nyingi, hata karibu na ikweta, na mengi yakaangukia kwenye tambarare za lava. Lava yenye chuma kingi inarudisha mawimbi sana. Ni kama lile jiwe jeusi la matundu tunalojengea kuta, lililotoka volkano ya Nyiragongo mwaka 2002. Chini ya barafu ya kusini kukiwa na uwanja wa lava ya zamani, rada itapiga kelele na maji hayapo.

Halafu kuna wengine, Michael Sori na Ali Bramson, 2019, waliosema kuna magma chini ya barafu ndiyo inayeyusha. Hilo mimi silishangai. Mei 2021 baada ya Nyiragongo kutoa, tarehe 27 alfajiri tuliambiwa tuhame, kwa sababu vipimo vilionyesha magma imejipenyeza chini ya mji mpaka chini ya ziwa. Haikutoka juu. Lakini ilikuwepo, na juu tulikuwa tunatembea.

#17 Dada_Jiolojia (Bukavu)
Lava, ya Grima umeieleza vizuri. Ya Sori na Bramson umeigeuza. Hawakusema magma ipo. Walisema hivi: chumvi peke yake haitoshi kuyeyusha barafu pale, kwa sababu joto linalopanda kutoka ndani ya Mirihi ni dogo. Kwa hiyo *kama* ni maji, basi lazima kuwe na chemba ya magma iliyojipenyeza karibu, kama miaka 300,000 iliyopita au baadaye zaidi. Kwa sayari ambayo wengi wanaiona imepoa, hiyo ni juzi tu. Wengine wakisoma hapo wanasema: haya, tafuta volkano. Wengine wanasema: basi si maji.

#18 Lava_2002 (Goma)
Mtu wa Bukavu haamini magma mpaka imfikie mlangoni.

#19 Kompyuta_Nzee (Lubumbashi)
Nilete maelezo ya nne? Daniel Lalich na wenzake wa Cornell, 2022 na tena 2024. Wao hawahitaji maji, udongo, wala lava. Barafu ya ncha imepangika matabaka, mengine safi, mengine ya vumbi, kwingine hewa ya ukaa iliyoganda. Kila mpaka wa tabaka unarudisha wimbi kidogo. Matabaka yakikaribiana kiasi fulani, mawimbi yanayorudi yanapandana na kuzidishana, kama mawimbi ya mitumbwi miwili yanapokutana katikati ya ziwa na kuinuka kuliko kila moja peke yake. Rada haioni matabaka mawili, inaona mng'ao mmoja mkali. Walipiga hesabu kwa kompyuta, mng'ao ukatoka wenyewe.

Na kitu kidogo cha kuchekesha kwa mafundi wenzangu: programu ya MARSIS iliandikwa zamani kwa mazingira ya Windows 98. Mwaka 2022 ndipo waliposasisha, zaidi ya miaka 19 baada ya chombo kuruka. Na antena yake ina mikono miwili ya mita 20 kila mmoja, ilikunjuliwa 2005.

#20 Chukudu_Turbo (Goma)
Windows 98 inatafuta maji Mirihi, na simu yangu inakataa kufungua huu uzi.

#21 Mwalimu_Katindo (Goma)
Acheni niwatetee kidogo Waitaliano, maana naona wamebaki wachache. Septemba 2020, Sebastian Lauro, Elena Pettinelli na wenzao walirudi na vipimo vingi zaidi, wakakuta madoa mengine madogo kando ya lile kubwa. Tena 2022 kikundi cha Neil Arnold wa Cambridge hakikugusa rada hata kidogo. Walipima sura ya juu ya barafu kwa leza. Juu ya eneo lile uso umebonyea kidogo kisha ukainuka, tofauti ya mita chache tu ndani ya kilomita kama 10 au 15. Hivyo ndivyo barafu inavyofanya inapoteleza juu ya maji, inaonekana hata Antaktika. Udongo hauwezi kuiinamisha barafu. Njia mbili tofauti, mahali pamoja.

#22 Dada_Jiolojia (Bukavu)
Mwalimu, hayo madoa ndiyo yaliyoleta matatizo. Mwaka 2021 Aditya Khuller na Jeffrey Plaut (huyohuyo wa mita 11) walipitia miangwi 44,000 ya MARSIS, vipimo vya miaka 15. Madoa makali yakawa mengi, yameenea mbali, na mengine yako karibu na uso ambapo baridi haiwezi kuruhusu maji hata ukiyatia perkloreti yote ya Mirihi. Sasa chagua: ama kote huko ni maji, ama kuna kitu kingine kinachong'aa hivyohivyo, na kama kipo kule kinaweza kuwepo hapa pia.

Kuna na SHARAD, rada ya chombo cha Wamarekani. Hiyo inatumia mawimbi ya megahezi 20 hivi, MARSIS ilitumia 4 pale. Mawimbi ya 4 yanapenya zaidi, ya 20 yanaona vitu vidogo zaidi ila yanachoka mapema. Miaka yote SHARAD haikuona kitu pale. Mwaka 2025 chombo kilibinuliwa nyuzi 120 ili antena iangalie chini bila kuzibwa na mwili wake, ndipo mwangwi ukaonekana. Ulikuwa hafifu. Kama ingekuwa maji, walisema, ungekuja na nguvu.

#23 Mwalimu_Katindo (Goma)
Hafifu kwa megahezi 20. Kwa 4 bado ni mkali, na hakuna aliyeufuta. Vumbi ndani ya barafu linaweza kuyala mawimbi ya 20 kabla hayajarudi. Na ule mbonyeo wa juu hujaugusa.

#24 FundiForaji (Lubumbashi)
Mumejaza uzi na rada. Benye kuchimba bako wapi? Hata hapa duniani, kuna mutu alishachimba barafu vile akakuta ziwa kweli?

#25 Kompyuta_Nzee (Lubumbashi)
Ndiyo fundi. Ziwa Vostok, Antaktika. Barafu juu yake ni karibu kilomita 4, ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 250 hivi. Nalo lilianza kushukiwa kwa rada za ndege. Warusi walichimba kwa miaka mingi, wakalifikia Februari 5, 2012. Kituo chao cha juu pale ndicho kilichopima nyuzi -89.2 mwaka 1983.

#26 FundiForaji (Lubumbashi)
Shimo la kilomita karibu 4 mu barafu halijifungi?

#27 Kompyuta_Nzee (Lubumbashi)
Linajifunga, ndiyo maana walilijaza mafuta ya taa na kemikali ya Freon kulizuia. Walipotoboa, maji ya ziwa yakapanda ndani ya shimo yakayasukuma mafuta juu, kisha yakaganda. Sampuli za kwanza zikawa na mafuta, watu wakagombana kama vijidudu walivyoona ni vya ziwa au vya shimo.

#28 FundiForaji (Lubumbashi)
Hata huko, wakachimba, wakagusa, na bado banabishana. Sawa. Miye nimeelewa sasa kwa nini hii kazi inaitaka watu benye mishahara.

#29 Mtoto_wa_Ndosho (Goma)
Aksanti wote. Shemeji nimemsomea mpaka #23, anasema "hakuna aliyeufuta" maana yake ameshinda. Mimi nasema #22 maana yake nimeshinda mimi. Tumegawana moja moja.

Kwa wanaojua: kuna waliotangaza 2024 kwamba maji mengi yako ndani kabisa ya Mirihi, si kwenye ncha. Ni jambo lilelile?

#30 Dada_Jiolojia (Bukavu)
Tofauti kabisa. Hiyo ni ya Vashan Wright, Michael Manga na Matthias Morzfeld. Walitumia matetemeko ya Mirihi yaliyorekodiwa na chombo cha InSight, kilichofanya kazi kule 2018 mpaka 2022 karibu na ikweta. Wakasema mawimbi ya tetemeko yanaelezeka vizuri kama miamba ya kilomita 11.5 mpaka 20 chini ina nyufa zilizojaa maji. Huko joto la ndani linatosha, halina haja ya chumvi. Ila si ziwa, ni unyevu kwenye nyufa, na wapo wanaosema miamba mikavu nayo inaweza kutoa majibu hayo. Fundi, kilomita 11.5 utatuandikia bei gani kwa metre?

#31 FundiForaji (Lubumbashi)
Muanze kunilipa ile ya udongo.

#32 Kadutu_Boy (Bukavu)
Na Utaridi je? Nasikia nayo ina barafu kwenye ncha, na iko jirani kabisa na jua. Chini yake si ndiyo kutakuwa na maji, kwa joto lile?

#33 Mwalimu_Katindo (Goma)
Barafu ipo, rada za hapa duniani ziliiona 1991, na chombo cha MESSENGER kikathibitisha 2012. Mchana wa Utaridi unafika nyuzi 430, lakini mhimili wake umesimama karibu wima, kwa hiyo kuna mashimo kwenye ncha ambayo sakafu yake haijapigwa na jua kwa muda mrefu mno. Humo ni chini ya -170. Barafu imelala juu ya mwamba wa baridi, hakuna hewa, na hakuna kitu cha kuiyeyusha chini yake. Usilete maji huko. Fungua uzi wako.

#34 Chukudu_Turbo (Goma)
Ameshaufungua. Yuko kule sasa hivi anawaambia watu kwamba Mwezi nao ni sayari.